Pumzi Iliyofichwa na Adabu

Kengele ya baiskeli ya mzee Andongwisye ilikuwa inafika kabla ya mwenyewe. Alianza kuipiga tangu kwenye daraja la magogo, kri-kri-kri, na hakuwa anafukuza kuku wala watoto. Alikuwa anampa nafasi mkwewe. Maana kule Ngonga mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mke ndiye anayeacha njia hadi mzee apite. Wenyewe huita kutila. Wengi walikwisha kuilegeza, wakisema ni mambo ya bibi zao, lakini mzee Andongwisye alikuwa mtu wa kale, na kwa vile baiskeli haina subira kama miguu, aliona ni haki binti wa watu asikie mapema.

Na Veronika alisikia. Kila kengele ilipolia aliingia migombani, akapiga magoti, akainamisha uso. Mzee anapita, yeye bado yuko chini. Mzee anafika nyumbani, anaegesha baiskeli, anaomba maji ya kunywa, yeye bado yuko chini. Ndipo baadaye, taratibu, anajitokeza akipangusa majani makavu kwenye khanga.

"Umelea, dada," mama Godwin, mama mkwe wa Veronika, alimwambia Naomi. Walikuwa wameketi uani wakipepeta mpunga mpya. "Wengine siku hizi baiskeli haijakata kona, wamesharuka njiani wanacheka. Huyu wako anangoja mpaka vumbi litulie. Ndaga fijo, asante sana."

"Ndaga," Naomi akajibu, na moyo ukamfura kama andazi. Mama gani hapendi mwanawe asifiwe ukweni? Akaendelea kupepeta, tena kwa madaha kidogo.

Hakujua kwamba kilichokuwa kinasifiwa ni ugonjwa.

Naomi alikuwa mkulima wa kokoa na ndizi huko Busale, na Veronika ndiye binti yake wa pekee. Mwaka uliotangulia, Veronika akiwa bado bibi harusi mpya wa Godwin, uvimbe ulimtoka shingoni, ukaota mwingine pembeni yake, mpaka kola ya blauzi ikakataa kufunga. Wakahangaika na mizizi, wakahangaika na vidonge, mwisho wakafika Dar es Salaam, na huko wakaambiwa jina lake: saratani ya tezi za limfu. Naomi alilia mpaka akakauka. Lakini daktari wa kule, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwambia, "Mama, hii ni katika zile zinazokubali dawa." Na kweli ilikubali. Veronika alichomwa madawa makali, akatapika, nywele zikamtoka kichwa kikabaki kama kibuyu, lakini shingo ikaanza kurudi kuwa shingo. Zilipobaki sindano za mwisho, dawa ikapungua pale hospitali. Wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike, mwezi unaofuata itakuwa imefika.

"Akipata homa, au kikohozi, au pumzi ikimpungua," yule daktari alisema wakiagana, "msingoje siku ya sindano. Mwoneni daktari wa karibu."

Naomi alisikia, ila alisikia kwa masikio ya hofu. Kwenye foleni ya sindano alikuwa amemwona kijana mmoja wa Songea akikutwa na homa. Wakamwambia leo huchomwi, mpaka homa iishe. Kijana akaondoka, na Naomi hakumwona tena. Pengine alilazwa wodi nyingine, pengine alipona akarudi siku nyingine. Lakini moyo wenye hofu haungoji habari, unajitungia. Akajitungia kwamba yule kijana alikufa kwa kunyimwa dawa. Na tangu akiwa shule ya msingi, bwana afya alipokuja kuwagawia vidonge vya malaria, wimbo ulikuwa mmoja: maliza dozi, usipomaliza ugonjwa unarudi na ndugu zake. Basi kwenye treni, wakirudi Mbeya, alimshika mwanawe mkono.

"Ukiulizwa, sema hujambo. Unanisikia? Hata likija kohozi, limeze. Tukikatishwa sasa, yote yale umetapika bure."

"Nimesikia, mama."

Na kweli alikuwa amesikia. Shida ya mtoto mwenye adabu ndiyo hiyo.

Tangu hapo Naomi alilinda shingo. Alipokuja Ngonga kukaa na binti yake hadi siku ya safari, kila asubuhi, salamu haijaisha mdomoni, vidole vilikuwa vimeshafika chini ya taya.

"Mama, si unisalimie kwanza?" Veronika alimtania.

"Naisalimia shingo. Wewe nitakuona baadaye."

Shingo ilikuwa laini, haina kitu. Naomi akamshukuru Mungu. Alikuwa amesimama mlangoni na rungu, kumbe mwizi ameshapita dirishani, yuko kifuani.

Kikohozi kilikuwapo, kidogo, kikavu, kisichotoa hata tone. Lakini nani asiyekohoa wakati wa mavuno, makapi yanaruka na moshi wa jikoni unajua njia ya pua ya kila mtu? Isitoshe ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Kyela mjini, ambayo zamani ungekuta rafu tupu na chumvi ya mawe, sasa yalikuwa na dawa za kikohozi za kila rangi. Naomi alinunua ya rangi nyekundu. Akarudi akanunua ya kahawia. Aliporudi tena, Haruni mwenye duka, ambaye baba yake alitoka pwani akahamia Kyela na mzigo wa khanga, aliishika chupa asiitoe.

"Mama Vero, mgonjwa wako anakunywa hii dawa au anaiogea?"

"Ni makapi tu, Haruni. Mpunga mwaka huu umekuwa na makapi."

"Mimi nauza chupa, mama. Kifua cha mtu sikioni kilivyo ndani. Mpeleke wakamsikilize. Mficha maradhi..."

"Usimalizie. Mwisho wake naujua."

"Kama unaujua, basi mimi nimenyamaza."

Naomi aliondoka na chupa yake, amenuna. Safari ya Dar ilikuwa wiki inayofuata. Wiki moja tu, akajisemea, kikohozi gani hakiwezi kungoja wiki?

Siku chache baadaye wanawake watatu walikuwa wanatoka shambani, mama Godwin mbele na ungo, Naomi katikati, Veronika nyuma. Kengele ikalia huko darajani. Veronika akatua furushi lake, akaingia migombani. Mama Godwin akaenda zake. Naomi hakuenda. Alitaka aione adabu ile kwa macho yake mwenyewe, ajipatie fahari ya kwenda nayo Busale. Mzee alipokwisha kupita, akiangalia mbele kama askari wa gwaride, Naomi akatenga majani akaingia.

Veronika hakuwa amepiga magoti ya heshima. Alikuwa ameukumbatia mgomba kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Mdomo wazi, na midomo yenyewe imepata rangi ya zambarau zilizoiva. Pumzi ilikuwa inaingia nusu, inatoka nusu, kama ya kifaranga kilichonyeshewa.

"Wee Vero!"

Veronika akainua kiganja: ngoja. Sauti ilichelewa kuja.

"Usipige kelele, mama. Inapita."

"Inapita nini? Imeanza lini hii?"

"Tangu tuliporudi. Mwanzo ilikuwa nikibeba ndoo. Sasa hata nikitembea mikono mitupu." Akapumua. "Kengele ikilia nafurahi. Napata pa kupumzika, na hakuna anayeniuliza."

"Na mimi mama yako hukuniambia!"

"Si ulisema nimeze?"

Naomi alikaa chini palepale kwenye majani. Alitaka kumkaripia mtu, akamkosa.

Mama Godwin aliporudi kuwatafuta na kuona hali ile, alishika kichwa, wakamwongoza Veronika taratibu hadi uani, kisha, kama mama yeyote, akaanza kutibu. "Tumfukize. Nina majani ya mkaratusi. Tunamfunika blanketi, anavuta mvuke, asubuhi ni mzima."

"Mtu hapati hewa, dada, unataka kumfunika blanketi?"

"Sasa tufanyeje? Dar si wiki ijayo? Wacha tumtunze kidogo kidogo, akachomwe, hao wa Dar ndio wanaojua."

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa Naomi pia, na kuyasikia kinywani mwa mwenzake yalikuwa matamu. Kumtunza kidogo kidogo. Kufika. Kuchomwa. Kumaliza. Wakienda hospitali ya hapa, wataandika kikohozi, na kikohozi kikishaandikwa, sindano hakuna, na sindano zikikosekana, shingo itaota tena. Aliigeuza geuza hesabu hiyo huku akimtazama mwanawe, na kila alipofika mwisho wake aliikuta ile midomo ya zambarau inamngojea. Huyu si wa kungoja wiki.

"Anakwenda hospitali leo," akasema.

"Kwa miguu gani? Godwin yuko Tunduma na mchele wake!"

Ng'ambo ya uzio wa matete mtu alikohoa, kikohozi cha kujitambulisha. Alikuwa mzee Andongwisye. Kuingia hawezi, mkwewe yupo. Kumsemesha hawezi pia. Basi akasema na hewa, kwa sauti kubwa, kama anayenadi ng'ombe.

"Mama Godwin! Mwambie mgeni wetu baiskeli iko kwenye mpera. Keria yake inabeba gunia la mpunga, haitashindwa na mtoto aliyekonda. Mimi natangulia kusafisha njia!"

Wakasikia miguu yake ikienda mbio.

Ndivyo walivyokwenda Kyela. Naomi ameshika usukani anasukuma, mama Godwin yuko nyuma anamshikilia Veronika kwenye keria, na mbele, mbali kiasi cha kutoonana lakini si mbali kiasi cha kutosikika, mzee anapaza sauti: "Pisheni! Pisheni! Mke wa Godwin anapita!" Watu wa Ipyana walitoka barabarani kumtazama.

"Mzee, leo wewe ndiye unayemkimbia mkwe?" kijana mmoja akamtupia.

"Cheka ukimaliza uje ushike baiskeli, mlima unakuja!"

Na yule kijana akacheka, akaja akasukuma.

Hospitali walipokelewa na daktari Hezroni, kijana mwembamba, mpya Kyela. Mzee alibaki nje, chini ya dirisha. Daktari alimpima Veronika homa, akaweka kipimo chake kifuani, akasikiliza.

"Unakohoa tangu lini, dada?"

Veronika alimtazama mama yake. "Jana."

"Na pumzi?"

"Leo tu. Ni makapi ya mpunga."

"Una makohozi?"

"Hapana."

Daktari akaanza kuandika. "Inaelekea ni kichomi kinaanza. Tutamlaza siku chache, tumchome. Mnasema ana safari? Akipata nafuu atawahi."

Hapo Naomi aliuona mlango umefunguliwa wazi. Kunyamaza tu, hakuna kingine. Angenyamaza, Veronika angelazwa, angepata nafuu ya kuonekana, wangepanda treni, angechomwa, dozi ingeisha. Hakuna aliyemwuliza yeye. Mama Godwin alikuwa anamtazama, anatikisa kichwa kidogo: nyamaza, dada.

"Anadanganya, daktari," Naomi akasema. "Na mimi ndiye niliyemfundisha."

Kalamu ya daktari ikasimama. Naomi akamwaga yote: uvimbe, Dar, madawa, kikohozi cha tangu waliporudi, pumzi iliyokuwa inafichwa migombani.

"Hizo dawa majina yake?"

"Siyajui mie. Moja nyekundu kama maji ya rozela. Nyingine hawakumchoma kabla ya kumsikiliza kwanza kifua, kila mara."

Daktari Hezroni akasimama. Akamsikiliza Veronika upya, safari hii mgongoni, chini kabisa, mbavu zinapoishia, akimwambia avute pumzi, avute tena. Alisikiliza mpaka mama Godwin akaanza kuomba kwa Kinyakyusa. Kisha akamwita Naomi, akampa vile vya masikioni.

"Sikiliza."

Naomi akasikia, ndani ya mwanawe, kama mtu anakanyaga majani makavu ya mgomba.

Wakampiga picha ya kifua. Daktari akaenda kwenye simu ya upepo, akapiga kelele huko ndani mpaka akapatikana yule mwanamke wa Dar. Aliporudi alivuta kiti akakaa, na madaktari wakivuta kiti, mtu anajua kuna maneno.

"Katika zile sindano kuna moja inaweza kuchoma mapafu. Si kila mtu. Baadhi huwapata, na dalili yake ndiyo hii: kikohozi kikavu na pumzi kupungua."

"Ni dawa? Si ugonjwa?" Naomi akauliza.

"Ni dawa."

"Basi wamemwua hao!" mama Godwin akaruka.

"Hawakumwua, mama. Shingo yake iko wapi leo? Ndege wakivamia mpunga wenu mnafanyaje?"

"Tunarusha mawe kwa kombeo."

"Na masuke mengine yanavunjika. Mngewaacha ndege waumalize mpunga?"

"Thubutu!" ilisema sauti ya mzee dirishani.

Daktari akatabasamu. "Lakini ukiona masuke yanavunjika sana, unaweka kombeo chini, unapiga debe. Ndege wanaondoka vilevile." Kisha tabasamu likamtoka. "Kama wiki ijayo angeficha, akachomwa ile tena..."

"Kwa hiyo dozi haitaisha," Naomi akasema polepole.

"Hiyo moja inatolewa, basi. Zilizobaki zinaendelea akipata nguvu. Dozi yake sasa ni hiyo, mama, na hiyo ndiyo mtakayoimaliza. Naanza na vidonge vya kutuliza mapafu. Na jambo jingine, mlishike wote. Popote atakapokwenda, hata miaka ijayo, hata akienda kufanyiwa upasuaji wa uzazi, kabla hajawekewa hewa ya mtungi au kuchomwa usingizi, semeni: huyu aliwahi kutibiwa saratani kwa sindano zilizomchoma mapafu. Hewa nyingi ya mtungi inaweza kumdhuru mtu wa namna hii. Madaktari wajue wampe kiasi."

"Nitasema mpaka kwa mfagizi," Naomi akaapa.

Veronika akauliza, "Nitapumua tena kama zamani?"

"Siwezi kukuahidi mapafu ya zamani. Ila hamkuchelewa sana. Nafikiri utapumua."

Na alipumua, ingawa haikuwa kesho yake. Vidonge vilimvimbisha uso ukawa kama mwezi mpevu, vikampa njaa ya ajabu. Alikula mbasa, samaki wa ziwani, na wali wake, kisha akauliza kimebaki nini. Siku ya Dar ilipofika Naomi alianza kueleza kikohozi kabla hajakaribishwa kiti. Yule daktari mwenye sauti ya chini alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, ungeninyima habari hii ningemwumiza mwanao kwa mkono wangu." Na kuhusu kijana wa Songea, Naomi alipothubutu kuuliza, aliambiwa homa ilipoisha alichomwa, akamaliza, yuko kwao anauza viatu vya mitumba.

Zile nyingine zilimalizwa bila ile moja. Shingo imebaki shingo. Kifua kimerudi sehemu kubwa, si chote. Veronika anakwenda sokoni na kurudi kwa kituo kimoja cha kupumzika. Ndoo ya kichwani bado ni vita. Moshi hautaki kabisa, na kwa ajili hiyo jiko limehamishiwa kibandani, ukuta upande mmoja tu. Kuhusu njia, mzee Andongwisye alikata shauri mwenyewe: sasa yeye akimwona mkwewe ndiye anayeingia migombani na baiskeli yake. Mwenye mapafu mazima ndiye ajifiche, alisema.

Basi mama mwenye mgonjwa aliyechomwa madawa ya namna hiyo, usilinde mahali pamoja tu pale ugonjwa ulipokuwa. Muulize pumzi. Mtazame anapopanda mwinuko, mtazame anapoinama, na akikaa kitako kabla ya wenzake usiseme ametulia. Na ukiulizwa na daktari, sema hata lile unaloogopa litakukatishia dawa.

Juzi Naomi alikuwa Ngonga tena. Alikuta kinu uani, na aliyeshika mchi ni Godwin, jasho linamtiririka, anatwanga mpunga. Wanawake wa jirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio kana kwamba kuna ngoma.

"Godwin! Umeolewa lini sisi hatukualikwa?"

"Inua kiwiko, bibi harusi! Unamwaga!"

"Semeni tu," Godwin akajibu bila kusimama. "Afadhali nishike mchi huu kuliko kushika jembe la makaburini."

Kisha mama Godwin, ambaye alikuwa amejificha ndani kwa aibu tangu mwanawe aanze kutwanga, akatoka na ungo, akaketi chini, akauweka tayari.

"Leta nipepete," akasema. "Na Vero akae upande ule upepo unakotoka, makapi yasimfikie."

Veronika alikuwa ameshakaa huko.